Kumfuata Thuraya Kwenye Nyumba ya Mwaloni

Nilikwenda Uingereza kumrudisha mtoto wangu nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya safari, ingawa jirani zetu wa Qurum, hapa Oman, niliwaambia nakwenda kutembea tu. Thuraya, binti yetu wa pekee, alimaliza masomo ya usanifu wa majengo huko, nasi tukakaa tukimsubiri. Badala ya kurudi, akatupigia simu kutwambia kaingia kujifunza kazi kwa fundi seremala mmoja wa shamba, anayetengeneza nyumba kongwe za miti. Mama yake, Zuwena, alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Thuraya akarudia: seremala. Mwaka ukapita hajarudi.

Mimi mwenyewe ni mtu wa majengo. Nimekuwa injinia wa serikali miaka thelathini na kitu mpaka nikastaafu. Nimesimamia skuli, zahanati na nyumba za watumishi kule Sib, na kila nilichosimamia kilikuwa cha zege na nondo. Mti kwangu ulikuwa kitu cha kushikilia zege mpaka likauke, kisha unaung'oa na kuutupa. Sasa binti yangu niliyemsomesha anataka kuufanya mti ndio kazi yake. Na wakati huohuo ofisi moja ya hapa Maskati ilikuwa imempa nafasi nzuri na inataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nikakata tikiti mbili: yangu ya kwenda na kurudi, na nyengine ya kurudi tu, yenye jina lake.

Siku ya kuondoka Zuwena alinifungia mzigo kana kwamba nahama. Fulana nzito nne, bizari, ndimu kavu, na makopo mawili ya halwa. Uwanja wa ndege kijana wa ukaguzi alilifungua kopo moja, akanusa, akalifunga, akanitakia safari njema kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Zuwena alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maagizo marefu, lakini alisema neno moja tu.

"Usigombane naye."

Nilimwambia siendi kugombana. Alinitazama kwa namna anayonitazama tangu tuoane, akageuka kwenda zake.

Ndani ya ndege sikulala. Nilikuwa nayapanga maneno yangu kichwani kama nilivyokuwa nikipanga ripoti: kwanza khabari za mama yake, pili khabari za kazi, tatu tikiti. Tulipotua London mawingu yalikuwa chini na mvua nyembamba inanyesha, ile isiyorowesha wala isiyokoma. Nilivaa koti refu juu ya dishdasha, kanzu yetu ya Oman, watu wakanipisha kwa adabu wakidhani nimo kwenye shughuli maalumu. Nikapanda treni ya kwenda mashariki, mkoa wa Suffolk. Dirishani hapakuwa na kitu ila majani mabichi na kondoo, majani mabichi na kondoo, mpaka nikachoka kuhesabu.

Katika stesheni ndogo ya mwisho wa njia, Thuraya alikuwa anasubiri kwenye baridi, hijabu yake imefungwa nyuma kwa kazi na suruali iliyokunjamana ina vumbi la mbao. "Shikamoo Baba," akasema, akaushika mkono wangu kuubusu, na hapo ndipo nilipoushitukia mkono wake. Kiganja kilikuwa kigumu kama cha fundi wangu wa nondo. Nikamjibu marahaba. Garini, gari ya fundi wake iliyojaa misumeno na harufu ya mbao mbichi, alizungumza njia nzima: nyumba wanayoitengeneza ina zaidi ya miaka mia tano, na mwenye nyumba ametualika tukae kwake siku zote nitakazokuwepo. Mpango wangu wa ripoti ukaanza kuharibika. Hakunipa nafasi hata ya khabari za mama yake.

Tulifika alasiri. Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya kijiji, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mstari ulionyooka. Sikuuona. Paa limelegea katikati kama mgongo wa punda mzee. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, inaning'inia juu ya njia, na miti yake myeusi imesimama karibukaribu, mti na ukuta mweupe, mti na ukuta mweupe, tangu pembe mpaka pembe. Upande wa kushoto umeinamia kulia na wa kulia umeinamia kushoto. Ningeletewa nyumba ile kwenye ukaguzi ningeandika amri ya kuwatoa watu siku hiyohiyo.

"Haianguki?" nikamuuliza Thuraya.

"Imekwisha kuanguka kadiri inavyotaka, Baba. Sasa imepumzika."

Mwenye nyumba, Bi Dorothy, ni mjane wa miaka themanini hivi, mfupi, mchangamfu, na ufupi ule umemfaa, maana mlango wa kuingilia ni wa chini na mimi nilijigonga kipaji kabla sijamwamkia. Akasema kila mgeni mrefu hufanya hivyo na kwamba marehemu mumewe alijigonga miaka arubaini bila kuzoea. Nilimpa kopo la halwa. Alionja kwa kijiko, akaonja tena, kisha akalificha kopo nyuma ya makopo ya majani ya chai mbele ya macho yetu.

Nilipewa chumba cha juu. Sakafu yake ilikuwa na mteremko hasa. Miguu ya kitanda upande mmoja imewekewa vigogo ili mtu asibingirike. Thuraya alikuwa amekwisha nipimia kibla kwa simu. Nilipokwenda kusali Magharibi, nikawa kila nikisujudu nateleza kidogo kidogo kuelekea dirishani, na nilipotoa salamu nilikuwa nimeuacha msala nyuma. Niliuliza chumba gani kina sakafu sawa. Thuraya akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ya siku ya pili nilikutana na mwalimu wake, Alan, mtu mrefu mwembamba asiyependa maneno. Alinipa mkono, akampa Thuraya ishara ya kunitembeza, akarudi kwenye randa yake. Basi binti yangu akanitembeza ndani ya ile nyumba kama mimi nilivyokuwa nikiwatembeza mawaziri kwenye majengo yangu, na nakiri kwamba alieleza vizuri kuliko mimi.

Nyumba zile, alisema, husimamishwa mifupa kwanza. Mifupa ni mwaloni, mti mgumu wa kwao, nao hukatwa na kuchongwa ungali mbichi. Kila mwisho wa mti huchongwa ulimi, na ulimi huingia katika tundu la mti mwenzake, kisha hupigwa kigingi cha mwaloni kupita vyote viwili. Hapana msumari wa chuma. Kadiri miti inavyokauka hujikunja na kujikaza, na ndiyo maana nyumba yote imepinda lakini hakuna kiungo kilichoachia. Juu ya dari alinimulikia tochi nikaona mapau meusi kama sufuria ya kuni. Zamani hapakuwa na dohani, moto ulikuwa katikati ya ukumbi na moshi ukajitafutia njia paani. Akanionesha pia alama zilizokatwa kwa patasi kwenye kila kiungo, mstari mmoja, miwili, mitatu. Mafundi waliiunga nyumba nzima chini uwanjani, wakaitia namba, wakaifungua, kisha wakaisimamisha hapa kwa namba zilezile.

Hapo nikajisahau. Nilikwenda kiungo kwa kiungo nikizitafuta namba, na nilipoikosa ya tisa nikapiga magoti mavumbini kuitafuta. Thuraya alinishikia tochi. Hatukuzungumza khabari ya kazi wala tikiti.

Baadaye nikagusa ukuta mmoja uliofunguliwa kwa ajili ya matengenezo, nikaona fito zilizosukwa katikati ya nguzo, na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Mimi nimezaliwa Muheza, baba yangu akiwa na duka huko, nikaja Oman nilipokuwa kijana. Ukuta ule niliujua. Nilimwambia Thuraya sisi tunaita kukandika, na kwamba utotoni nimekandika nyumba ya jirani yetu pamoja na watoto wote wa mtaa, tukitupiana udongo zaidi ya tulioutia ukutani. Alan aliacha randa. Akauliza tulikuwa tunatia nini ndani ya udongo, na tukiuacha ukauke siku ngapi. Nikamjibu, akaandika kwenye kipande cha mbao kwa penseli. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anatabasamu.

Adhuhuri ya siku hiyo ndipo lilipotokea jambo lililobadilisha safari yangu. Alan alituita upande wa nyuma, upande wa mvua. Huko ukuta haukuwa mweupe wa chokaa bali wa kijivu, umepigwa plasta ya saruji na mtu fulani kabla Bi Dorothy hajainunua nyumba. Alan akaingiza patasi nyuma ya plasta akabandua kipande kizima. Nyuma yake ule mwaloni wa miaka mia tano, uliovumilia moshi, mvua na wajukuu wa wajukuu, ulikuwa umekuwa kama keki iliyorowa. Aliingiza kidole chake ndani ya mti mpaka fundo la pili. Akaeleza kwa maneno yake machache kwamba udongo na chokaa huyaachia maji yatoke, lakini saruji huufunga ukuta. Maji yakiingia kwenye ufa hayana pa kutokea, hukaa yakaula mti. Mtu aliyefanya hivyo, akasema, alikuwa na nia nzuri. Alitaka kuilinda nyumba.

Nilisema naenda kupunga upepo.

Thuraya alinifuata. Nyuma ya nyumba kuna bustani yenye ukuta mfupi, tukakaa pale. Jua lilikuwa limetoka, jua lao lile la kuazima. Sikujua pa kuanzia, nikaanza mwisho.

"Nyumba ya bibi yako kule Sib," nikasema, "niliiharibu mimi."

Lazima nieleze. Mama yangu alikuwa na nyumba ya zamani karibu na soko la Sib, matofali ya udongo na dari ya boriti za mikoko. Mimi, injinia mpya mwenye gari ya serikali, nikaona aibu mama yangu kukaa kwenye udongo. Nikampigia nyumba yake yote plasta ya saruji, ndani na nje, nikaipaka rangi. Alinishukuru. Baada ya miaka michache kuta zikaanza kuvimba na kumeguka, boriti zikaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, na kipande cha dari kikaanguka. Nikasema ni chumvi ya bahari. Nikamhamishia kwangu Qurum, nyumba ikavunjwa, na mama yangu akaishi miaka yake ya mwisho kwenye chumba chenye kiyoyozi, akiuliza kila siku kama barazani kwake kumefagiwa. Miaka yote hiyo nimesema chumvi.

Thuraya alichokoa kibanzi kidoleni.

"Nnajua, Baba," akasema. "Nimejua tangu wiki yangu ya kwanza hapa. Alan alibandua plasta kama leo, nikaiona nyumba ya Bibi, kama alivyokuwa akinihadithia."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Kwa simu?" Kisha akasema, polepole, "Ndiyo maana nimebaki. Nikirudi sasa nitakaa mezani nipitishe ramani za watu. Nataka nikirudi niweze kumwambia fundi acha, si hivyo, na nimuoneshe kwa mkono wangu."

Kilichonichoma si kosa lenyewe, maana kosa la kutojua kila mtu analo. Kilichonichoma ni kwamba mtoto wangu alikaa na jambo hilo mwaka mzima, akachagua kutukanwa na jamaa kuwa kaacha usomi akashika msumeno, kuliko kunitia mimi aibu. Nikatoa tikiti mfukoni nikampa. Alisoma jina lake, tarehe, akaikunja vizuri. Akasema kazi ya nyumba ile itakwisha baada ya mwaka na kidogo, na kama nikiridhia ataiandikia ile ofisi awaombe wamsubiri. Nikamuuliza wakikataa je. Akasema wakikataa wamekataa.

"Andika," nikamwambia. "Mimi nitakusahihishia Kiarabu chako."

Nacho kilihitaji kusahihishwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka kwangu waliutia mti mpya wa chini, ule unaolalia msingi wa matofali na kubeba nguzo zote za ukuta wa nyuma. Nyumba ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, unywele tu, na miti yote ikawa inalia kama mtu anayenyooshwa mgongo. Bi Dorothy alileta chai akakaa kwenye kiti bustanini kutazama, blanketi magotini, kana kwamba ni mchezo wa kuigiza. Nguzo ya pembeni ilikuwa imeozea chini. Thuraya alikuwa ameikata sehemu mbovu na kuiunga na mti mpya kwa kiungo alichokichonga mwenyewe, kirefu, cha mshazari, chenye meno yanayoumana. Nilipitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha haukupata pa kuingia.

Nikaona matundu ya kigingi hayakulingana sawa, la nguzo na la ulimi yamepishana kidogo, nikamwambia kuna kosa. Akanieleza kwamba yamepishanishwa makusudi. Kigingi kikipita kitajipinda na kuuvuta ulimi ndani, kiungo kijifunge chenyewe. Nilikaa nalifikiri hilo. Miaka thelathini na kitu ya kazi, na sijawahi kuona kosa lililopimwa vizuri namna ile. Alan akanipa nyundo ya mti, akanionesha kigingi.

"Taratibu, Baba," Thuraya akasema. "Piga mpaka sauti ibadilike."

Nikapiga. Tok, tok, tok, kwa muda, kisha sauti ikawa nzito, imejaa, kama mlango mkubwa uliofungwa na mwenyewe. Nikaacha. Alan akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kunywa chai. Nilifurahi kuliko siku ya kupandishwa cheo.

Niliondoka Suffolk asubuhi ya Ijumaa. Bi Dorothy alinipa chupa mbili za jamu kumpelekea Zuwena na akaomba, kwa sauti ya chini, kama halwa ile inaweza kuletwa kwa posta. Stesheni Thuraya alinibusu mkono, nami nikaugeuza mkono wake nikautazama ule ugumu wake kwa uzuri safari hii. Treni ilikuja.

Maskati nilifika usiku wa joto, na Zuwena alikuwepo mapokezini. Alinipokea kwa jicho moja. Jengine lilikuwa linatazama nyuma yangu kama kuna mtu anatoka. Nilimweleza garini, yote, pamoja na ya nyumba ya mama. Tukafika Qurum. Nilizima gari. Akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula. Nikampa simu aone picha: Thuraya juu ya jukwaa la kazi, mdomoni kauma penseli, anacheka. Aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Halafu akasema kidonda alichokiona kidoleni asije akakipuuza, na akaingia ndani kukipasha chakula changu moto.

Ile ofisi haikusubiri. Walijibu kwa adabu kwamba nafasi wamempa mwengine. Zuwena alihuzunika siku mbili, mimi moja.

Juma lililofuata nilikwenda Sib kumsalimu binamu yangu Khalfan. Nilimkuta uani kwa baba yake, kwenye kile chumba cha udongo cha zamani wanachowekea tende, na mifuko ya saruji imepangwa mlangoni. Fundi alikuwa amekwisha loweka ukuta, tayari kuupiga plasta. Nilimwomba Khalfan anipe siku tatu. Akaniuliza tangu lini mimi, katika watu wote, nimekuwa adui wa saruji. Nikamkumbusha kwamba wazee wa hapa wakisema saruji hawakuwa na maana ya mifuko ile. Walikuwa na maana ya udongo uliochomwa na kutwangwa, wenye kupumua. Jina tumelibakisha, kitu tumekiacha. Khalfan akasema siku tatu haziui mtu.

Nilikwenda maduka ya ujenzi ya Hamriya kununua chokaa na chekeche, nikapata majani makavu kwa mfuga mbuzi, na siku ya tatu asubuhi tulikuwa uani, mimi, Khalfan na fundi wake, mtu wa makamo kutoka India, mbele ya fungu la udongo. Niliukoroga mwenyewe kwa jembe. Kisha nikampigia Thuraya kwa video nikamuonesha, nikitaraji pongezi.

Aliutazama. Akaniambia nifinyange donge nilitupe ukutani. Nikalitupa, likateleza mpaka chini. Fundi akatazama pembeni.

"Maji mengi, Baba," Thuraya akasema. "Na majani hayatoshi. Na jembe halichanganyi. Unaukanda kwa miguu."

Nilichojifunza katika safari hii ningeweza kukiandika kurasa kadhaa, juu ya mti mbichi, vigingi na kuta zinazopumua. Lakini Khalfan alikuwa amesimama na ndoo, fundi anasubiri, na binti yangu yuko kwenye simu akinitazama. Nikaongeza majani, nikakunja dishdasha mpaka magotini, nikavua viatu.